Hija ya miguu Dodoma mpaka Bagamoyo kwa kuunganisha njia tatu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila ikifika mwezi wa tatu simu yangu inaanza kujaa meseji za watu wanaotaka kutembea mpaka Bagamoyo, wengine ni vijana wa VIWAWA (vijana Wakatoliki wafanyakazi), wengine wamama wa jumuiya, wengine mzee mmoja tu kaweka nadhiri yake miaka mingi sasa anaona magoti yanaanza kugoma. Nimeshaitembea mara tatu, mbili na kikundi kikubwa na moja tukiwa wanne, na majibu ninayotoa ni yaleyale, kwaiyo nimeyaweka hapa yote. Soma mpaka chini kabla hujapiga simu, tafadhali, hasa pale kwenye barua na pale kwenye maji.

Kwani kuna njia rasmi ya hija kutoka Dodoma mpaka Bagamoyo?

Njia moja yenye alama na vibao, hapana. Vilivyopo ni vipande vya njia za zamani na za sasa ambavyo unaviunganisha mwenyewe. Kipande cha kwanza ni njia ya misafara, ile iliyotoka Bagamoyo ikapita Mpwapwa na Ugogo yote mpaka Tabora na Ujiji, wapagazi wakibeba pembe na watumwa wakitembezwa na minyororo. Hii iko kwenye orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2006, na vituo vilivyotajwa ni sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Kipande cha pili ni bonde la Mkondoa, ambako reli ya kati ya Wajerumani ilipita, ilifika Morogoro 1907 na Dodoma 1910. Cha tatu ni barabara ya lami ya Morogoro na Chalinze, ambayo inagusa ukanda wa misheni za kwanza za Mapadre wa Roho Mtakatifu: Mhonda 1877, Mandera 1881, Morogoro 1882.

Hispania wana ile njia ya hija, Camino, ya kwenda Santiago na hata kule watu wanaunganisha, mtu anaanza na njia ya pwani ya kaskazini afu anakatiza kuingia ile ya Primitivo inayotoka Oviedo. Tofauti ni kwamba kule maungio yana mishale na mabweni, huku kwetu maungio unayatengeneza wewe kwa miguu na kwa mdomo. Nitarudia hili mara nyingi: safari hii haivunjiki katikati ya njia, inavunjika kwenye maungio, pale unapotoka njia moja kuingia nyingine na hakuna anayekutarajia upande wa pili.

Kwa nini Bagamoyo na sio pengine?

Kwa sababu mapadre walitua pale 1868 wakitokea Zanzibar, na karibu na bahari upo msalaba wa kukumbuka ujio ule. Na kwa sababu wale waliotembezwa kutoka bara kwenda kuuzwa walipita humu humu kwetu, kwenye mashamba ya uwele tunayolima leo. Wamisheni wakawa wanawakomboa baadhi yao na kuwajengea kijiji pale pale Bagamoyo. Na mwili wa Livingstone ulibebwa njia hii, Susi na Chuma na wenzao walimtoa kule alikofia, Zambia ya leo, wakatembea naye miezi mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874 akalazwa kwenye kanisa la misheni, ule mnara bado upo. Mi nikiwa nimechoka kule Chunyo, karibu na Mpwapwa, huwa nawawaza wale watu. Walibeba maiti, tena nchi ya ugenini.

Wengine wanakwenda Namugongo Uganda kwa ajili ya tarehe 3 Juni, na ni hija nzuri kabisa, ila hiyo ni safari nyingine yenye mipaka na paspoti na sitaizungumzia hapa.

Hizo njia tatu zinaunganishwaje? Nielekeze kipande kwa kipande.

Sawa. Tunaanzia kanisa kuu la Mtakatifu Paulo wa Msalaba hapa mjini, misa ya alfajiri, baraka, afu tunatoka kwa upande wa kusini mashariki kuelekea Mvumi. Hapa mwanzo hatushiki lami ya Dar kabisa. Mvumi ni kituo cha zamani cha misafara, na baadaye Waanglikana wa CMS, chama chao cha wamisheni, wakaweka misheni na hospitali ambayo mpaka leo ndo tegemeo la watu kule. Kutoka Mvumi tunaenda Handali, tunagusa Igandu ilipo stesheni, tunapita Msagali mpaka Chunyo na kuingia Mpwapwa. Hiyo ni kama kilomita 110, siku tano, na siku ya sita tunapumzika Mpwapwa tunafua nguo.

Kipande hiki ndicho ninachokipenda kuliko vyote na ndicho kigumu. Kati ya Ugogo na Mpwapwa ndo lile eneo misafara ililiita Marenga Mkali, maji machungu, na waliliogopa. Nitaeleza kwenye maji.

Kutoka Mpwapwa kuna chaguo mbili na hapa ndo ungio la kwanza. Ukienda kaskazini unapita Kongwa, unatokea barabara kuu, Gairo, afu Mamboya na Magubike mpaka Dumila. Ukienda kusini unashuka Gulwe, Godegode, Kidete, unafuata bonde la Mkondoa kwa njia za vijiji mpaka Kilosa. Sisi tunachukua kusini. Kuna vijito vya kuvuka na milima inabana huku na huku lakini kuna kivuli, na mtu aliyetoka Ugogo anaona kijani kwa mara ya kwanza, kuna dada mmoja alikaa chini ya mwembe Kidete akalia tu, sio kwa uchungu. Ila kama mna Waanglikana kwenye kundi au mnapenda historia ya misafara, kaskazini kuna Mamboya, kituo cha misafara na misheni ya zamani ya CMS, na mi siwezi kuwazuia.

Kilosa tunapumzika siku moja. Ungio la pili ni hapo. Kwenye ramani utaona Kilosa mpaka Morogoro ni kunyoosha tu mashariki kupitia Mkata, na kila mwaka kuna mtu ananitumia picha ya ramani kaichora mstari mwekundu ananiuliza mbona mnazunguka. Tunazunguka kwa sababu uwanda wa Mkata unaungana na hifadhi ya Mikumi, nyati na simba hawajui mpaka wa hifadhi uko wapi, na kuingia hifadhini kwa miguu bila kibali hairuhusiwi. Kwaiyo tunapanda kaskazini Kilosa, Rudewa, Dumila, siku tatu, hapo tunakutana na barabara kuu na tunaishika mpaka Morogoro, siku tatu nyingine.

Ungio la tatu ni Chalinze. Ukitoka Morogoro unapita Mikese, Bwawani, unafika Chalinze, na hapo unaacha barabara ya Dar unashika ya kwenda Segera, unapita Lugoba mpaka Msata. Msata unakunja kulia kwa barabara ya Bagamoyo, kilomita 64 mpaka unasikia harufu ya bahari.

Kwa nini msinyooshe na lami tu kuanzia mwanzo? Si ni fupi?

Ni fupi, kama 450 hivi badala ya zaidi ya 500. Lakini umewahi kutembea pembeni ya barabara ya Dodoma–Morogoro saa mbili usiku malori yanapishana? Kuanzia Dumila mpaka Chalinze hatuna ujanja tunaishika lami, na hizo ndo siku ninazosali zaidi. Siku 13 za mwanzo za kutembea hatuigusi barabara kuu, na watu wanapata nafasi ya kuzoeana na kusali rozari bila kupigiwa honi.

Kwenye lami sheria zetu ni hizi na hatubishani: mnatembea upande wa kulia mkiyatazama magari yanayokuja, mstari mmoja, wa mbele na wa nyuma wamevaa rifleksa, hakuna hedifoni, na jua likizama kila mtu ameshatoka barabarani. Kikundi kilichozidi watu kumi mnatoa taarifa polisi mapema.

Jumla kilomita ngapi na siku ngapi?

Zaidi ya 500 kidogo kwa njia tunayopita sisi, siku 26, ambazo tatu kati yake ni za kupumzika: Mpwapwa, Kilosa na Morogoro. Wastani kilomita 22 mpaka 23 kwa siku ya kutembea. Kipande cha mwisho Morogoro–Bagamoyo tunaongeza mpaka 27 kwa siku kwa sababu nchi imelala na miguu imeshakomaa. Mtu akikwambia yeye anaweza 40 kwa siku mwache aseme, siku ya nne mtamkuta kakaa chini ya mbuyu kavua viatu.

Tuondoke mwezi gani?

Sisi tunaondoka 20 Julai, tunaingia Bagamoyo 14 Agosti jioni, na 15 ni sherehe ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria. Ila tarehe haikuchaguliwa kwa sherehe peke yake. Dodoma mvua ni kuanzia Desemba mpaka Aprili, na bonde la Mkondoa kipindi hicho usilisogelee, mafuriko ya Kilosa ya mwisho wa 2009 watu hawajayasahau, na pale Dumila daraja lilishawahi kuondoka na maji Januari 2014. Pwani nako masika inamwaga mpaka Mei. Kwaiyo Juni mpaka Agosti ndo njia zote tatu zinapitika kwa wakati mmoja, na ukiunganisha njia hilo ndo la kuangalia, sio kipande kimoja kiko vizuri afu kingine kimejaa tope. Septemba na Oktoba kukavu pia lakini joto la Ugogo miezi hiyo linamaliza mtu.

Julai Dodoma kuna baridi na upepo wa asubuhi unaopenya mpaka kwenye mifupa, beba sweta, usidanganywe na jua la saa sita.

Jambo moja watu wanalisahau: kwa ratiba hii mnaingia Morogoro tarehe 6 Agosti, na 8 ni Nanenane, gesti zinajaa na bei inapanda. Ongeeni na parokia ya kulala miezi miwili kabla.

Barua za nini? Si ni kutembea tu?

Hapana, na hapa ndo naomba unisikilize vizuri.

Unahitaji barua ya paroko wako inayosema nyie ni nani, mko wangapi, mnatoka wapi mnaenda wapi na tarehe ngapi mnafika kila mahali. Nakala yake inaenda kwa kila parokia mtakayolala, na inajibiwa. Inajibiwa, narudia, sio imetumwa. Mnavuka majimbo, kutoka Dodoma mnaingia Morogoro na mnamalizia Bagamoyo, ambayo nayo ni jimbo tangu 2025, kwaiyo msidhani ukimwambia mtu mmoja basi habari imefika kote. Barua ya pili ni ya serikali ya mtaa wako, hiyo unaionyesha kwa mtendaji wa kijiji kila mnapolala. Mkifika kijijini kabla hamjatua mabegi, mtu mmoja anaenda kwa mtendaji au mwenyekiti, anasalimia, anaeleza, anaonyesha barua na NIDA. Dakika kumi tu. Zamani wakuu wa Kigogo walitoza misafara hongo, yaani ushuru wa kupita na kunywa maji, na wageni waliandika wakilalamika sana, lakini maji yalikuwa ya wenyeji na ni machache. Leo hakuna wa kukutoza kitu, basi angalau uombe ruhusa kwa heshima.

Mwaka wetu wa kwanza tulifika sehemu moja baada ya Kilosa, sitaitaja, saa kumi na mbili na nusu jioni, watu 14. Barua ilikuwa imeandikwa, imepigwa mhuri, imetumwa, na haikumfikia anayehusika, iliishia kwenye droo ya ofisi fulani. Mlinzi hakutufungulia geti na alikuwa na haki yake, angejuaje. Tulikuwa na mama wa miaka 61, kifundo kimevimba. Tukarudi mpaka sentani, mama mmoja alikuwa anafunga mgahawa wake, anamwaga maji ya kuoshea vyombo, akatuangalia, akaangalia mguu wa yule mama, akasema nyie watoto ingieni ndani. Tukalala kwenye mabenchi na kwenye sakafu, akachemsha uji wa ndoo nzima, asubuhi akakataa hela. Nilikuwa nimeshapanga maji, chakula na dawa, na hilo ungio nililiacha kwa karatasi. Tangu mwaka ule mimi na mwenzangu tunapita maungio yote mwezi wa tano kwa basi na bodaboda, tunaonana na watu uso kwa uso, tunachukua namba mbili kila kituo, ya katekista na ya mtu mwingine wa karibu. Wiki moja kabla ya kufika tunapiga, siku moja kabla tunapiga tena.

Na kila mtu awe na daftari la mihuri. Hili tumeiga Camino, kule una pasi unagongewa mhuri kila unapolala, na ukitaka cheti chao lazima mihuri ionyeshe umetembea si chini ya kilomita 100. Kwetu parokia ina mhuri, kijiji kina mhuri, shule ina mhuri, mtu anafika Bagamoyo na daftari limejaa wino wa bluu na zambarau. Ni ukumbusho, na kwenye safari ni kinga, mtendaji akiona mihuri ya wenzake watano waliotangulia hana maswali mengi.

Maji tunapataje?

Kwenye lami na kwenye bonde la Mkondoa hakuna shida kubwa. Ugogo ndo kuna shida. Panga lita tano kwa kila mtu kwa siku, tatu za kunywa njiani na mbili za kupikia na kunawa. Vijiji vingi vina kisima cha pampu lakini usikitegemee mpaka umeuliza wiki hiyohiyo, pampu zinaharibika, na maji mengine yana chumvi unakunywa na kiu iko palepale. Beba vidonge vya kusafishia maji, na chumvi-sukari ya pakiti kwa ajili ya kuharisha.

Sehemu kavu kabla ya Chunyo tunaivuka kwa ujanja wa wapagazi wenyewe. Waliita terekeza. Asubuhi mnapumzika mlipo na kunywa maji mpaka mnashiba, mnapika chakula cha siku mbili, jua likianza kupoa mchana mnaondoka, mnatembea mpaka jioni, mnalala porini bila kisima, afu alfajiri mnaamka mnamalizia mpaka kwenye maji kabla jua halijachoma. Yaani badala ya kukaa kwenye ukame siku nzima ya jua, unaukata kwa jioni moja na alfajiri moja. Tulijaribu mwaka wa pili na sasa hatuachi. Kirangozi wetu, yaani kiongozi wa njia, hilo nalo jina la kimsafara tumelirudisha, kwa usiku ule anachagua mahali peupe mbali na korongo, na moto unakaa mpaka asubuhi, watu wanapeana zamu.

Kuna kitu nilikiona karibu na Handali nakisimulia kila mara. Korongo kavu, mchanga mtupu, bibi mmoja na wajukuu wawili wamechimba shimo la kina cha kiuno, yuko ndani anachota na kibuyu kidogo, maji yanajikusanya polepole kwenye mchanga, kibuyu kimoja, anasubiri, kibuyu kingine. Ndoo yake ilikuwa nusu. Tukamsalimia kwa Kigogo, mbukwa, akaitikia, akatuangalia tulivyojaa vumbi, akanyanyua kile kibuyu akampa wa kwanza wetu. Tulikuwa na maji yetu kwenye kirikuu, kile kigari cha mizigo, lakini huwezi kukataa mkono wa namna hiyo. Tulipiga funda moja moja, afu vijana wakaingia shimoni wakamjazia ndoo zote. Ukipita na kikundi kikubwa kumbuka kisima cha kijiji kinawatosha wao kwa shida, watu 20 mkijaza madumu asubuhi moja akina mama wa pale watakaa foleni mpaka mchana kwa sababu yenu. Chota jioni, wao wakishamaliza.

Tunalala wapi na kula nini?

Vigango na parokia, madarasa ya shule (ongea na mwalimu mkuu mapema, hakikisha tarehe za masomo na likizo za mwaka husika), na kwenye miji gesti. Tunabeba maturubai mawili na kila mtu mkeka wake, shuka zito na neti. Kwenye vigango mnakuta jumuiya imejiandaa wanataka kuwapikia, pokea, lakini wape taarifa ya idadi ya kweli na mchangie unga na mafuta kimyakimya, msiwafilisi watu. Ugogo utakula ugali wa uwele au mtama na mlenda, na kwa mtu anayetembea hicho chakula kinakaa tumboni kuliko wali. Njiani karanga, ubuyu, ndizi, mihogo, mayai ya kuchemsha.

Viatu gani? Nina wasiwasi na malengelenge.

Raba ulizozizoea, kubwa kwa namba moja kwa sababu mguu unavimba. Usianze safari na kiatu kipya hata kama kimetoka Ulaya. Soksi mbili, nyembamba ndani nzito nje, unabadilisha mchana. Mafuta ya mgando katikati ya vidole kabla ya kuvaa. Ukihisi sehemu inachoma simama hapohapo, sio ukifika, hapohapo, vua, bandika plasta. Watu wanaona aibu kusimamisha kundi, afu jioni unavua soksi inatoka na ngozi. Lengelenge likishajaa maji usilichune, toboa pembeni kwa sindano uliyoichoma moto, acha ngozi yake ilifunike, paka dawa ya vidonda. Wenye kisukari waongee na daktari kwanza na jioni wakaguliwe miguu na mtu mwingine, maana wao wanaweza wasisikie maumivu.

Mazoezi anza miezi mitatu kabla. Jumamosi moja panda Mlima wa Simba pale mjini ukiweza, lakini kikubwa ni siku mbili mfululizo za kilomita 20, siku ya pili ndo inakufundisha.

Mizigo tunabeba wenyewe?

Tunakodi kirikuu inabeba maji, sufuria, maturubai na mtu aliyechoka. Mgongoni kila mtu anabaki na begi dogo: maji, sweta, dawa zake, rozari, tochi, pawa benki. Kwenye bonde la Mkondoa kuna sehemu kirikuu haipiti, inazunguka na kutusubiri Kilosa, hapo unabeba vyako kwa siku mbili tatu au mnaongea na vijana wa bodaboda. Mtandao nao unapotea maeneo hayo, mwambieni mtu wa nyumbani asishtuke.

Mwanamke akitembea peke yake ni salama?

Peke yake kabisa mi sishauri, mwanamke wala mwanaume. Watu wanne ndo idadi ya chini, mmoja akiumia mmoja anabaki naye wawili wanaenda kutafuta msaada. Kwenye kikundi chetu wanawake ndo wengi, wanalala chumba chao, na kuna mama mmoja wa kundi ambaye neno lake linasikilizwa, binti akimwambia jambo halifiki kwa watu wote.

Mimi sio Mkatoliki, naruhusiwa?

Karibu sana. Tumeshatembea na Walutheri, Waanglikana, na Muislamu mmoja wa Kondoa ambaye babu yake alikuwa akisimulia habari za misafara. Tulipanga mapumziko yaendane na swala zake na Ijumaa alipata msikiti mjini. Bagamoyo alikwenda Kaole kwenye magofu ya msikiti wa karne ya 13, akarudi kimya sana. Tunachoomba ni kuheshimu muda wa sala wa wenzako.

Nina wiki moja tu ya likizo, nifanyeje?

Chukua kipande kimoja kikamilike. Wiki ya Dodoma–Mpwapwa, au ukitaka kuingia Bagamoyo kwa miguu, panda basi mpaka Morogoro ungana nasi tarehe 8. Mwakani unaendelea ulipoishia, daftari la mihuri ni lilelile. Kuna baba mmoja anaifanya kwa miaka minne na sasa amebakiza kipande cha Msata. Mhonda nayo unaweza kuiongeza kama tawi, kutoka Dumila unapanda Turiani, lakini ongeza siku nne za kwenda na kurudi.

Gharama?

Sisi mara ya mwisho tulichangishana laki tatu na nusu kila mtu, humo kuna kirikuu, mafuta, chakula, dawa, gesti za mijini na sadaka za vigango. Asiye nayo yote aseme mapema, hatujawahi kumwacha mtu kwa hela. Kadi ya bima njoo nayo.

Tunarudije?

Basi mpaka Dar, afu treni ya SGR mpaka Dodoma, chini ya saa nne uko nyumbani. Treni inapita Morogoro, Kilosa, Kidete, Gulwe, Igandu, yaani karibu njia yote mliyotembea wiki mbili na nusu inapita dirishani kabla hujamaliza soda. Mwaka jana behewa letu lilikuwa na kelele tangu Dar, tulipofika Kidete wote wakanyamaza wakasogea vioo vya upande mmoja wanatafuta ule mwembe. Tiketi kata mapema, wiki ya 15 Agosti zinaisha haraka.